Ifahamu tithonia, kichaka cha majani mapana kinachokua mpakani

Mkazi wa Kiogoro akiulizwa kama ana tithonia shambani mwake, huenda akasema hana. Akiulizwa kuhusu ule mmea wenye maua makubwa ya manjano na majani mapana unaoota mpakani, kando ya njia au nyuma ya choo, atautambua mara moja. Wengi huuita alizeti mwitu. Kwa Ekegusii unajulikana kama amaua amaroro, yaani maua machungu. Jina la kitaalamu ni Tithonia diversifolia, na kwa wataalamu wa kilimo ni tithonia tu.

Kwa miaka mingi mmea huu umechukuliwa kuwa pambo, au uzio wa bei nafuu. Lakini katika kaunti ambayo sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.2, wakiwa zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba, mashamba ni madogo na hulimwa msimu baada ya msimu bila kupumzishwa. Kila gunia la mahindi, kila mkungu wa ndizi na kila kikapu cha majani chai kinachotoka shambani huondoka na sehemu ya rutuba ya udongo. Ndiyo maana inafaa mkulima ajue kile kichaka cha mpakani kinaweza kumrudishia nini, na pia kisichoweza kumrudishia. Majibu mengi yamo katika umbile la mmea wenyewe.

Asili na jamaa zake

Tithonia si mmea wa asili ya Afrika. Asili yake ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Watu waliusambaza katika nchi za joto duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake, ukapandwa kwenye bustani na kama uzio, kisha ukaanza kujiotea wenyewe kando ya barabara na kwenye ardhi isiyolimwa. Hali ya hewa ya Kisii, yenye mvua nyingi, misimu miwili ya kupanda na miinuko ya wastani, inaupendeza sana.

Mmea huu ni wa familia moja na alizeti ya mafuta. Katika familia hiyo wamo pia saladi ya majani, kishona nguo ambacho mbegu zake hung'ang'ania nguo za anayepita shambani, na pareto, zao ambalo wakulima wengi wa nyanda za juu za Kisii walilitegemea zamani. Mtu anayelijua ua la pareto tayari anajua nusu ya umbile la ua la tithonia, kwa kuwa yote mawili yameundwa kwa mtindo mmoja.

Jinsi ya kuitambua

Shina. Tithonia ni kichaka kinachoishi miaka mingi. Kwa kawaida hufikia urefu wa mita 2 hadi 3, na mahali penye rutuba huweza kuzidi hapo. Sehemu ya chini ya shina hukomaa na kuwa ngumu kama mti, ilhali matawi ya juu ni mabichi, laini na huvunjika kwa urahisi. Ndani ya shina mna kiini cheupe chepesi. Likikatwa, shina huchipua tena kutoka chini na kutoa matawi mengi kuliko mwanzo. Hii ndiyo sababu uzio wa tithonia huzidi kuwa mnene kadiri unavyokatwa.

Jani. Hili ndilo linalotofautisha kichaka hiki na vingine. Jina diversifolia lina maana ya majani ya aina mbalimbali, na mtu akichunguza mmea mmoja ataona kwa nini. Majani mengi, hasa ya chini na ya katikati, yamekatika na kuwa na vipande vitatu hadi vitano, wakati mwingine saba, kama kiganja chenye vidole. Yale ya juu karibu na maua mara nyingi hayana mikato, bali ni jani moja lililochongoka. Majani hayaoti mawili mawili yakitazamana, bali hupokezana, moja upande huu na jingine upande ule. Ubapa wa jani mara nyingi huwa na urefu wa sentimita 7 hadi 16, lakini penye unyevu na rutuba jani moja huweza kuzidi sentimita 30. Kingo zake zina meno madogo, ncha imechongoka, na karibu na kikonyo huanza mishipa mitatu mikuu. Upande wa chini una vinyweleo laini na vitundu vidogo sana vinavyotoa harufu kali jani linapofikichwa.

Ua. Kinachoonekana kama ua moja kubwa la manjano kwa kweli ni mkusanyiko wa maua mengi madogo yaliyokaa pamoja juu ya kikalio kimoja. Yale ya pembeni, ambayo kwa kawaida ni 7 hadi 14, yana ulimi mrefu wa rangi ya manjano. Kazi yake ni kuwaita wadudu; yenyewe hayatoi mbegu. Mbegu hutoka kwa vijiua vingi vilivyosongamana katikati. Upana wa ua zima ni kati ya sentimita 5 na 15. Chini yake kikonyo kirefu hupanuka na kuwa na uwazi ndani, alama nzuri ya kuitofautisha tithonia na jamaa zake. Nyuki huyapenda maua haya kwa nektari na chavua, hivyo anayefuga nyuki hana sababu ya kuufyeka uzio wote kwa siku moja.

Mbegu. Kila kijiua cha katikati huzaa mbegu moja ndogo kavu yenye urefu wa milimita 4 hadi 6. Kichwa kimoja cha ua hutoa mbegu nyingi, na kichaka kimoja kina vichwa vingi. Upepo, maji ya mvua, mifugo na binadamu huzibeba mbali.

Wapo wanaoichanganya na alizeti ya mafuta. Alizeti ya mafuta huishi msimu mmoja, kwa kawaida hutoa shina moja lenye kichwa kikubwa, na majani yake hayana mikato. Tithonia huishi miaka mingi, ina matawi mengi na maua mengi, na majani yake yana vidole.

Kwa nini jani hili huwa mbolea

Katika miaka ya 1990 watafiti wa shirika la ICRAF pamoja na taasisi za Kenya za KARI, ambayo sasa ni sehemu ya KALRO, na KEFRI walifanya majaribio mengi ya tithonia magharibi mwa nchi. Walitaka kujua ni mimea gani inayoota yenyewe kwenye mipaka ya mashamba ambayo ingeweza kusaidia udongo uliochoka. Tithonia ilijitokeza kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kilichomo ndani ya jani. Majani mabichi ya tithonia yakikaushwa na kupimwa, hupatikana takriban asilimia 3.5 ya nitrojeni, asilimia 0.37 ya fosforasi na asilimia 4.1 ya potasiamu. Kwa lugha nyepesi, kilo moja ya majani makavu ina gramu 35 za nitrojeni inayokuza majani na shina la zao, gramu 3.7 za fosforasi inayosaidia mizizi na mbegu, na gramu 41 za potasiamu ambayo migomba na mboga huihitaji kwa wingi. Kiwango hicho cha nitrojeni kinakaribiana na cha miti jamii ya kunde inayopandwa kurutubisha mashamba, na fosforasi yake ni zaidi ya ile ya mimea mingi ya aina hiyo.

Sababu ya pili ni wepesi wa kuoza. Jani la tithonia ni laini na halina nyuzi nyingi ngumu. Likifukiwa wakati wa mvua, nusu yake huwa imeoza ndani ya takriban wiki moja, na virutubisho vyake huanza kupatikana kwa zao lililo karibu. Shina lililokomaa ni tofauti kabisa: lina nyuzi ngumu, huoza polepole na halina rutuba nyingi. Ndiyo maana maelezo yote ya matumizi husisitiza majani na ncha changa za matawi, si fito.

Hukusanya, haitengenezi

Hapa ndipo wengi hukosea. Kwa kuwa majani yana nitrojeni nyingi, wengine hudhani tithonia ni kama maharagwe, njugu au kaliandra, mimea ambayo mizizi yake hushirikiana na bakteria kutwaa nitrojeni kutoka hewani. Tithonia si jamii ya kunde, na haina uwezo huo. Kila gramu ya rutuba iliyo kwenye jani lake imetoka kwenye udongo wa pale ilipoota. Mizizi yake, ikishirikiana na kuvu wanaoishi udongoni, ni hodari wa kutafuta na kunyonya. Jani ni ghala tu.

Jambo hili lina maana tatu kwa mkulima.

Kwanza, kuweka tithonia shambani ni kuhamisha rutuba kutoka mpakani kuipeleka kwenye zao. Hilo ni jambo jema, kwa kuwa ardhi ya mpakani na kando ya njia haikuwa ikizalisha chakula. Lakini uzio unaokatwa kila msimu bila kurudishiwa chochote nao huchoka hatimaye, na majani yake hupungua. Mkulima mwangalifu huurudishia kidogo, kwa mfano majivu ya jikoni au samadi mara moja moja.

Pili, kupanda tithonia katikati ya shamba la mahindi ili ilirutubishe ni kulipa deni kwa kukopa mfuko ule ule. Mahali pake ni mpakani, kwenye kingo za makinga maji, na kwenye ardhi isiyolimwa.

Tatu, tithonia haiwezi kuchukua nafasi ya mbolea ya fosforasi peke yake. Hesabu yake ni rahisi. Mfuko wa kilo 50 wa DAP wenye alama 18-46-0 una kilo 9 za nitrojeni na takriban kilo 10 za fosforasi halisi. Ili kupata nitrojeni hiyo kutoka kwa tithonia, mkulima anahitaji takriban kilo 260 za majani makavu. Ili kupata fosforasi hiyo, anahitaji takriban kilo 2,700 za majani makavu. Jani bichi ni maji kwa takriban sehemu nne kati ya tano, kwa hiyo kilo 2,700 kavu ni zaidi ya tani 13 za majani mabichi. Hakuna boma lenye uzio wa kutoa majani hayo.

Udongo mwekundu wa nyanda za juu, ambao ni wa kawaida Kisii, una tabia ya kushika fosforasi na kuifanya isipatikane kwa urahisi na mimea. Utafiti umeonyesha kwamba majani ya tithonia yanapooza hupunguza ushikaji huo. Kwa hiyo njia inayoleta faida zaidi ni kutumia vyote viwili: tithonia kwa nitrojeni na potasiamu, na mbolea kidogo ya dukani kwa fosforasi.

Ni zao gani linafaa zaidi

Kazi ya kukata, kubeba na kukatakata majani ni nzito. Katika majaribio mengi watafiti walitumia tani 5 za majani makavu kwa hekta. Kwa ekari moja hiyo ni takriban tani 2 za majani makavu, au tani 10 za majani mabichi. Kwa shamba zima la mahindi, gharama ya kibarua huweza kuzidi faida.

Hali hubadilika kwenye bustani ndogo ya mboga. Kitalu cha mita 5 kwa mita 2 kinahitaji takriban kilo 25 tu za majani mabichi ili kufikia kiwango hicho hicho. Sukuma wiki, chinsaga, managu, nyanya na vitunguu huleta pesa haraka kuliko mahindi, na hapo jasho hulipwa. Migomba inayokua karibu na nyumba pia hufaidika, hasa kwa ile potasiamu.

Hatua za kufuata ni hizi:

1. Kata majani na ncha changa za matawi kabla mmea haujachanua, au unapoanza tu kuchanua. Acha visiki vya urefu wa kutosha ili vichipue tena.

2. Katakata vipande vidogo siku hiyo hiyo. Majani yakiachwa yakauke juani, kazi ya kuyachanganya na udongo huwa ngumu zaidi.

3. Tandaza kwenye kitalu na ufukie kwa kina kifupi, wiki moja au mbili kabla ya kupanda au kupandikiza, wakati udongo una unyevu.

4. Fito ngumu zisiachwe kwenye kitalu. Kipande cha shina kilichokomaa kikipata unyevu huchipua na kuwa kichaka kipya. Vitumike kama kuni au vikaushwe kabisa.

5. Asiye na nguvu ya kufukia anaweza kuloweka majani yaliyokatwakatwa ndani ya pipa la maji lililofunikwa kwa takriban wiki mbili, akikoroga mara kwa mara. Maji hayo huchujwa, huongezwa maji safi hadi yafanane na chai hafifu, kisha humwagwa kwenye mizizi ya mboga.

Anayetaka kuanzisha uzio atumie vipande vya shina lililokomaa vyenye urefu wa sentimita 20 hadi 40, avichomeke kwenye udongo wenye unyevu mwanzoni mwa mvua. Ikiwa uzio uko mpakani, ni vyema jirani ahusishwe mapema. Mpaka ni wa watu wawili, na majani yaliyokatwa bila makubaliano yamewahi kuzua ugomvi usio wa lazima.

Uchungu wa jani si kibali cha dawa

Uchungu uliolipa ua hili jina la Ekegusii hutokana na kemikali ambazo mmea hujitengenezea ili kujilinda dhidi ya wadudu na wanyama. Ndiyo maana ng'ombe wengi hulikwepa jani bichi la tithonia, na si busara kulitegemea kama lishe badala ya matete.

Wapo wanaochemsha majani haya na kuyanywa kwa malaria, maumivu ya tumbo au kisukari. Ni kweli kwamba wanasayansi wamezichunguza kemikali hizo katika maabara. Lakini majaribio kwa panya yameonyesha pia kwamba dondoo la tithonia huweza kudhuru ini na figo, hasa likitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu. Hakuna kipimo kilichothibitishwa kuwa salama kwa binadamu. Mwenye homa apimwe malaria katika kituo cha afya kilicho karibu, na anayetumia dawa za kisukari asiziache kwa sababu ya majani. Mama mjamzito na watoto wadogo wasipewe kabisa.

Isigeuke kuwa kero

Sifa zile zile zinazoufanya mmea huu kuwa rafiki, yaani kukua haraka, kuchipua baada ya kukatwa na kutoa mbegu nyingi, huufanya kuwa msumbufu ukiachwa. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki tithonia imehesabiwa miongoni mwa mimea vamizi. Ikiachwa kando ya mito na vijito hufunika mimea ya asili, na mbegu zake hubebwa na maji hadi mashamba ya chini.

Kinga yake ni rahisi na inaenda sambamba na matumizi: kata kabla ya mbegu kukomaa. Uzio unaokatwa mara mbili au tatu kwa mwaka kwa ajili ya mbolea haupati nafasi ya kumwaga mbegu nyingi. Miche inayoota ndani ya shamba ing'olewe ingali midogo. Kingo za mito ziachiwe miti na nyasi za asili, na tithonia isipandwe huko.

Kabla ya msimu ujao

Mkulima wa Kiogoro au wadi nyingine yoyote ya kaunti anaweza kuanza na hatua ndogo. Apime udongo ili ajue unakosa nini. Achague kitalu kimoja cha mboga, akiwekee majani ya tithonia, na kitalu cha pili cha ukubwa huo huo akiache kama alivyozoea. Wakati wa kuvuna alinganishe mavuno kwa mizani, na ahesabu pia saa alizotumia kukata na kubeba. Hapo ataamua kwa shamba lake mwenyewe, si kwa kusikia. Kwa ushauri zaidi kuhusu kupima udongo, viwango vya mbolea na utunzaji wa uzio, wakazi wanahimizwa kuonana na afisa wa kilimo wa wadi yao.